Niliyoichagua Ilikuwa i5

Siku uvumilivu wangu ulipokatika, mwanaume mzima, mdomoni ana karanga, aliniuliza mbele ya wateja wake kati ya tano na saba ipi kubwa. Tulikuwa dukani kwake Kariakoo, ghorofa ya kwanza, kwenye yale maduka ambayo kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo zimepangwa kama sahani kabatini. Farida alikuwa mgongoni, hajajua hata kutambaa. Nilikuwa nimekuja kudai laptopu yangu niliyoinunua hapo hapo, yenye prosesa ya i5, ambayo duka liliichukua mimi sipo na badala yake likampa mume wangu nyingine yenye stika ya i7. Seba, mwenye duka, hakuniangalia hata usoni. Alimwangalia mteja aliyesimama kando yangu, akatabasamu. "Mama Farida, shule si ulienda? Tano na saba ipi kubwa? Muulize hata huyo wa mgongoni, atakwambia." Wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akajishikiza kwenye kabati. Nilichomeka ukucha chini ya stika ya ile i7 niliyokuja nayo, nikaibandua taratibu isichanike, nikanyoosha mkono juu ya kaunta na kuibandika kwenye shati lake, juu ya mfuko. "Haya," nikamwambia. "Sasa na wewe umekuwa i7. Nimalizie video yangu, nasubiri." Kicheko kilikatika hapo hapo. Kisha nikapiga kelele ambazo nadhani zilisikika mpaka kwa wauza vitenge wa chini, na sitayaandika niliyosema kwa sababu mwanangu anajifunza kusoma.

Naandika haya kwa sababu wiki iliyopita nilikutana naye. Nilikuwa ukumbini Ilala, nimeshika kamera yangu, napiga harusi, na yeye alikuwa amekaa upande wa bwana harusi, kanenepa, kavaa sare ya kamati. Akaniita kwa nguvu, "Sista! Mambo? Bado una hasira na mimi?" Akamgeukia aliyekaa naye: "Huyu dada alishawahi kunibandika stika kama mimi ni friji!" Meza nzima ikacheka, mtu akanisogezea soda. Kwake ule mwaka ni kichekesho cha kusimulia mezani. Kwangu ndio mwaka ambao mwanangu alijifunza kumwita mtu mwingine mama. Soda sikuinywa. Na ili usije ukaendelea kusoma huku ukitumaini, nakuambia sasa hivi: mtoto alikwenda Masasi, akakaa huko, na aliporudi alinikimbia.

Habari za ukoo wangu hazihusiki hapa. Inatosha kujua kwamba nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza kuhariri video za harusi kwenye studio ya mwanamke mmoja tuliyemwita Madam Vero, na nikawa naijua kazi. Studio ilikuwa chumba kimoja Ilala, ukuta mmoja umefunikwa kitambaa cheusi, kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo ya rangi, na nyuma ya pazia ndiko Madam alikopokea wateja na kuwapa chai ya rangi yenye tangawizi. Pazia ni kitambaa tu, kila neno linapita. Nilipokuwa na mimba ya Farida nilimsikia akimwambia mteja, "Huyu binti ana mkono mzuri, ila akishazaa kichwa kitabaki nusu. Wote ndivyo wanavyokuwa." Niliendelea kukata video ya watu wakicheza na keki, machozi yananitoka kwa hasira. Baada ya kujifungua nikarudi na mtoto. Siku ya kwanza akalia kidogo tu, kama watoto wanavyolia. Madam akatoka nyuma ya pazia na kikombe chake. "Zuhura, hapa ni studio, siyo zahanati. Ukiwa na mashine yako, fanyia kwako, kazi nitakuwa nakutupia. Ukitaka kufanyia hapa, mtoto mpeleke kwa bibi yake." Mama yangu, nilipompigia simu Masasi, hakuona tatizo lolote. "Mlete tu, mwanangu. Wajukuu wangapi nimewalea?" Kwa hiyo hali ilikuwa hivyo, na haikuwa na njia ya tatu: nipate kompyuta inayoweza kazi, nibaki na mwanangu, au nisiipate, aende.

Nilianza kuzunguka Kariakoo kila asubuhi, mtoto kifuani, na nikagundua jambo ambalo bado linanichemsha. Mji huu wote unanunua kompyuta kwa stika. Mtu anaingia dukani, hafungui, hawashi, anauliza "Hii i ngapi?" kama anavyouliza nyama kilo ngapi. Akiambiwa tatu anakunja uso, akiambiwa tano anafikiri, akiambiwa saba anatoa pesa na kwenda kuwaringia watu kazini. Prosesa ndiyo inayofanya kazi yenyewe ndani ya kompyuta, vingine vyote vinaisubiri, hilo ni kweli. Lakini hiyo tatu, tano au saba ni cheo tu. Baada yake kuna kistari, na baada ya kistari kuna namba ndefu ambayo hakuna anayeitazama, na mwanzo wa namba hiyo ndio unaokuambia ni kizazi cha ngapi, yaani ilitengenezwa enzi zipi. Hiyo mafundi wanaiita jenereshen. i7 ya kizazi cha pili ni mzee aliyestaafu na cheo chake. i5 ya kizazi cha nane ni kijana asiye na cheo. Sasa shusha gunia la mchele kwenye lori pale sokoni, kisha uniambie utamwita nani alibebe.

Kwa Seba nilikuta zote mbili, zimelala kabati moja, kioo cha ukubwa ule ule, kumbukumbu sawa, diski sawa. Wakati huo alikuwa mkarimu. "Karibu mama, chukua hii saba, tano wanachukua wanafunzi." Nikamwambia nataka kuzijaribu. Akacheka. "Utazijaribu na nini, kuzipima uzito?" Nikatoa flashi niliyoweka kipande cha harusi na programu yangu ya kuhariri, nikaomba kigoda. Kazi yetu ina hatua ya mwisho tunayoita kurenda: vipande vyote ulivyokata, muziki, maandishi na rangi, mashine inavipika pamoja mpaka vitoke video moja. Hapo ndipo prosesa inapoonyesha kama ni ya kweli au ni jina. Nilibonyeza i5, nikakaa, nikampa Farida titi. Ilimaliza akiwa bado kwenye titi la kwanza. Nikabonyeza i7, kipande kile kile. Farida akamaliza titi la kwanza, akahamia la pili, akacheua, akalala, na i7 bado inahangaika, feni inalia kama blenda ya juisi, ukiigusa chini inaunguza. Sikuwa na saa wala sikuihitaji, kila mama anajua muda wa titi. Seba aliona kwa macho yake. Aliinama, akaipuliza puliza pembeni, akasema, "Hiyo saba ina vumbi tu." Nikanunua tano. Risiti ikaandikwa jina langu. Akaniuliza namba ya simu, nikampa. "Na ya mzee? Kwa ajili ya warantii." Nikampa na ya mume wangu.

Chumba chetu kilikuwa kimoja, kwenye nyumba ya wapangaji wengi, dirisha linatazama kwa mafundi wa kuchomelea mageti. Meza ilikuwa kati ya kitanda na ndoo za maji. Asubuhi mume wangu Hamisi akishaondoka kwenda bandarini, alikokuwa akimfuatilia wakala mmoja makaratasi ya mizigo, nilikuwa napika uji wa mtoto, nakunywa chai na kiporo cha maharage, namlaza Farida kwenye mkeka chini ya meza na mguu wangu unamtikisa huku mikono inakata video. Kama kuna kipindi cha maisha yangu ambacho ningerudishwa, ni kile. Jirani zangu walinicheka, "Mama Farida anaangalia harusi za watu kutwa, yake hakualika hata kuku." Nami nilicheka. Kisha nikapata kazi ambayo haikupitia kwa Madam: Mama Happy, mwanamke wa Kilimanjaro anayeuza vitenge kwa jumla Kariakoo, alikuwa anaoza binti. Alitaka video ya send-off ionyeshwe kwenye skrini ukumbini siku ya harusi, upande wa mume uone bibi harusi alivyoagwa kwao. "Mwanangu," aliniambia huku akikunja vitenge, "ukinifanyia vizuri, kamati nzima itakuona. Na kwenye ile kamati kila mtu ana binti." Ndivyo kazi zetu zinavyokwenda mjini hapa: kamati moja inakukabidhi kwa nyingine, na ukiharibu moja, umeharibu zote.

Siku ya kliniki nilimpeleka Farida kupimwa uzito. Niliporudi nilikuta meza tupu. Nilidhani tumeibiwa, nikakagua kufuli ya mlango. Muda si mrefu Hamisi akaingia, saa ya kazi, mkono mmoja kashika chipsi kuku, mwingine begi, uso unang'aa kama wa mtu aliyepandishwa cheo. "Fungua," akasema. Nikafungua. Ilikuwa ile mashine niliyoikataa, ile ile. Nikamwangalia.

"Seba kanipigia simu mwenyewe," akasema. "Kaniambia, bro, kweli mkeo anafanya kazi kubwa namna ile unamwachia tano? Niletee, nikupe ya kiume, uongezee kidogo tu. Na kazi zako zote kahamisha, zimo humo, usiwe na wasiwasi."

"Baba Farida. Ulimuuliza nani?"

"Nikuulize nini tena? Nimekuongezea mbili nzima!"

Aliamini. Hilo ndilo linalonipa shida mpaka leo, kwamba aliamini. Alikuwa amenyimwa raha na wenzake bandarini, waliokuwa wakimtania kwamba mke wake anatumia kompyuta ya watoto wa shule, akachukua akiba yake mwenyewe akaenda kuninunulia zawadi. Nilimwonyesha ile namba baada ya kistari, nikamwambia inaanza na mbili na ya kwangu ilianza na nane. Akaisoma, kisha akasema, "Lakini ni saba, Zuhura." Nikamwambia twende sasa hivi tukairudishe. Hapo uso ukabadilika. "Mimi nirudi pale? Nimeshapeana mkono na mtu, mbele ya watu. Nitaonekanaje?" Chipsi zilipoa mezani, mafuta yakaganda kwenye karatasi. Nilijua kwa nini Seba alipiga simu ile. Mashine yangu alikuwa ameniuzia kama ya mwanafunzi, kisha akaambiwa na mtu anayezijua thamani yake ya kweli, akataka kuirudisha mkononi. Mimi asingeweza kunidanganya kwa sababu nilijaribu zote mbili mbele yake. Akamtafuta ambaye hakujaribu.

Nilikwenda dukani mwenyewe. Mara ya kwanza Seba alisema bosi mwenzake hayupo, njoo Jumatatu. Jumatatu akasema, "Shemeji, sisi tumemaliza na mzee. Mwenye nyumba akishakubali, mimi ni nani?" Nilimwonyesha risiti yenye jina langu. Akaisoma kama mtu anayesoma tangazo la msiba wa asiowajua, akanirudishia. Huku nyumbani kazi ya Mama Happy ilikuwa haiendi. Mashine inastaki, picha inaganda, inazima, nawasha, inaanza upya. Nilipunguza ubora wa picha, nikatoa muziki, nikafunika feni kwa kitambaa chenye maji nikaogopa nitaiua. Siku ya harusi nilifika ukumbini na video ambayo haijakamilika, kipande kinaganda bibi harusi akiwa ameinua mkono kumlisha mama yake keki. Mshereheshaji akatangaza, taa zikapunguzwa, na skrini ikabaki na keki. Watu walisubiri. Upande wa mume walianza kunong'ona, mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Kumbe hakuagwa?" Mama Happy hakunitukana. Alinifuata mlangoni na gauni lake la kitenge, akanishika mkono. "Mwanangu, kamati imeniuliza video iko wapi. Nimekosa la kusema." Afadhali angenitukana. Kamati mbili zilizokuwa zimeniahidi kazi ziliacha kupokea simu zangu, na Madam Vero, nilipompigia, alisema, "Nimesikia. Mtoto mpeleke, uje Jumatatu." Jioni ile ile Hamisi mwenyewe akampigia mama yangu. Nilimsikia akiwa uani, anaongea kwa sauti ya chini, "Shikamoo mama... ndiyo... itabidi uje umchukue, mwisho wa mwezi."

Ndipo nikaenda kwa Seba mara ya tatu, na ndipo akaniuliza ipi kubwa. Nilipomaliza kupiga kelele na wateja kuanza kutoka mmoja mmoja, niliinua macho nikaiona laptopu yangu kabatini nyuma yake. Niliijua kwa doa la uji wa Farida pembeni ya vitufe, hawakuwa wamelifuta hata kidogo. "Ile pale ni yangu," nikasema. Seba alikuwa anajibandua stika, sasa hana mzaha. "Mama, toka dukani kwangu. Una shida na mumeo, kamalizane naye chumbani. Unataka kushtaki, kashtaki." Alisema hivyo kama mtu anayekuambia kaoge baharini.

Kesho yake nikaenda. Kuna ofisi mjini inayopokea malalamiko ya wanunuzi, nilikuwa sijui kama ipo mpaka nilipouliza. Mama aliyekuwa mapokezi alinipa karatasi na kunionyesha benchi. Nikamwambia sijui kuandika barua za kiofisi. Akamwangalia Farida, akaniangalia mimi, akasema, "Andika unavyoongea, ila matusi yaache nje." Nikampa mtoto titi, nikaandika kwenye goti. Mashine yangu ilirudi, nitasema hilo, na Hamisi akarudishiwa alichoongeza, lakini mambo hayo yana hatua zake na mwezi uliisha kwanza. Mama yangu alikuja na basi la Masasi, akanywa chai, akamfunga Farida mgongoni kwa kanga yake, na mimi nikabaki na nguo yenye maziwa. Jina likishaharibika mashine peke yake haitoshi, na mpaka nilipopata tena wateja wa kunitosha kukaa nyumbani, mtoto alikuwa amejua kutembea, amejua kusema, na neno mama alikuwa amelipeleka kwingine. Siku aliporudishwa alijificha nyuma ya bibi yake, akachungulia, akaniangalia kama mgeni aliyekuja kuuliza njia. Kila mtu chumbani alicheka, wakasema watoto ndivyo walivyo. Mimi sikucheka na leo sicheki. Nakala ya barua ninayo, nainakili kama ilivyo, ila namba ya simu nimeitoa.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA DUKA LA KOMPYUTA KARIAKOO KWA KUCHUKUA MALI YANGU

Mimi ni Zuhura, mkazi wa Ilala, mhariri wa video za harusi. Nilinunua laptopu ya i5 ya kizazi cha nane katika duka lililotajwa kwenye risiti niliyoambatanisha. Kabla ya kununua niliijaribu pamoja na i7 ya kizazi cha pili, mwenye duka akishuhudia, na nikachagua i5 kwa sababu inafanya kazi yangu na ile nyingine haifanyi. Sikuchagua kwa kukosa hela wala kwa kutojua hesabu.

Baadaye duka lilimpigia simu mume wangu, likamshawishi alete laptopu hiyo bila mimi kujua, likampa ile niliyoikataa na kumtoza nyongeza. Mume wangu hakuiuza kwa nia mbaya, lakini haikuwa yake kuiuza. Risiti ina jina langu. Nilipodai, niliambiwa mwenye nyumba ameshakubali. Mimi sikununua nyumba.

Kwa sababu hiyo nimepoteza kazi, na mwanangu ambaye bado ananyonya atachukuliwa mwisho wa mwezi huu kwa kuwa sina tena namna ya kufanya kazi nikiwa naye. Hili najua halimo kwenye sheria za biashara, nimeliandika ili mjue haraka yangu ni ya nini.

Naomba duka lirudishe laptopu yangu ile ile, ambayo jana niliiona kabatini kwao, na limrudishie mume wangu alichoongeza. Naomba pia mwenye duka aulizwe, kama ile i7 ndiyo bora, kwa nini aliitaka i5 yangu irudi.

Mwisho, naomba katika kushughulikia jambo hili ofisi isimpigie mume wangu simu. Namba niliyoandika juu ni yangu. Nitapokea mwenyewe.

Zuhura
Mnunuzi